Makala ya Babu: Kumfuata Mchimba Makaa wa Luena kutoka Kabalagala

Makala haya yanahusu makala. Msomaji asidhani kwamba nimerudia neno kwa bahati mbaya. Neno la kwanza ni lile tulilolipata kutoka Kiarabu, nalo tunalitumia kila toleo la jarida letu linapotoka (na kila toleo likitoka tunabishana kama ni "makala haya" au "makala hii"). Neno la pili ni la Kibantu kabisa, na kwa wasemaji wa Kiswahili cha Kongo lina maana ya mkaa. Ukimtuma mtoto wa Lubumbashi akaleta makala, atarudi na mikono myeusi.

Wanafunzi wa isimu watakumbuka kwamba Kiswahili cha pwani kiliangusha sauti fulani katikati ya irabu ambayo ndugu zake wengi wameihifadhi. Mzizi wa Kibantu wa kale unaokisiwa kuwa -kada ukawa "kaa" kwetu, na wingi wake "makaa"; Kilingala kina "makala", na Kinyarwanda na Kirundi vina "amakara". Ni hali ileile ya "omba", ambayo Katanga husemwa "lomba", na ya "njia", ambayo kwa Kilingala ni "nzela". Waganda hawamo katika hesabu hii, kwani wao husema "amanda". Hivyo katika mtaa mmoja wa Kampala gunia moja la mkaa linaweza kuitwa kwa majina matatu kabla halijafunguliwa.

Mtaa huo ni Kabalagala, kando ya barabara ya Ggaba, chini ya kilima cha Muyenga. Wageni huujua kwa baa na muziki wa usiku, na wenyeji hukumbuka kwamba jina lake ni jina la vitumbua vya ndizi mbivu na unga wa muhogo. Mimi naujua pia kwa Kiswahili chake. Hapa pana Wakongo wengi, na kati yao yupo mzee mmoja auzaye mkaa kwa mikebe. Sitamtaja jina, kwa sababu ambazo msomaji ataziona mbele. Ndiye aliyenipa kazi ninayoieleza hapa.

Siku aliposikia kwamba nafundisha Kiswahili aliniambia, "Mwalimu, babu yetu alikuwaka mutu wa makala." Nilidhani anasema babu yake naye aliuza mkaa. Akanisahihisha: makala ya chini ya ardhi, makala ya mawe, huko Luena. Kisha akauliza swali ambalo watoto wake walikuwa wakimwuliza kila wanapojaza fomu: je, huyo babu alitoka wapi kabla ya kufika Luena? Mzee hakujua. Alichokuwa nacho ni hadithi chache, jina moja la babu lenye tahajia mbili, na nakala iliyochakaa ya kadi ya ubatizo ya baba yake.

Tuanze na Luena yenyewe, maana hata baadhi ya Wakongo hawajui kwamba nchi yao ilichimba makaa ya mawe. Katanga ni nchi ya shaba. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na reli kutoka kusini ikafika Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Shaba haiyeyuki bila moto, na moto huo ulitoka Wankie (leo Hwange, nchini Zimbabwe), katika koloni la Waingereza. Makaa yalikuja kwa reli ya Waingereza. Pamoja nayo zikaja fedha za Kiingereza, wafanyakazi kutoka Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, na lugha ya kazi iliyochanganya Kizulu na Kiingereza, ile ambayo huko kusini huitwa Fanagalo. Wabelgiji walijiona wapangaji katika nyumba yao wenyewe. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza walianza kukata kamba hizo moja moja. Walitafuta makaa ndani ya koloni lao, wakaanza kuchimba Luena, karibu na reli iendayo Bukama. Makaa hayo ni duni, hayafai kuyeyushia shaba kama yale ya Wankie, lakini yanawaka, na yalikuwa yao. Upande wa ziwa Tanganyika, karibu na Albertville (Kalemie ya leo), walichimba makaa pia, mahali walipopaita Greinerville. Watu wa huko hupaita Makala.

Kamba nyingine iliyokatwa ndiyo inayotuhusu zaidi sisi walimu wa lugha. Badala ya Fanagalo, wakubwa wa kazi na wamisionari waliamua kwamba wafanyakazi wa Katanga wazungumze Kiswahili. Johannes Fabian ameeleza jambo hili kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na mamlaka ya kikoloni. Tumezoea kuwaambia wanafunzi wetu kwamba Kiswahili kilifika Kongo kwa misafara ya pembe na watumwa kutoka pwani. Hiyo ni kweli kwa Maniema. Kwa Katanga ya migodini ni nusu ya kweli tu. Huko Kiswahili kiliajiriwa, kama walivyoajiriwa watu.

Watu waliajiriwaje? Katanga ya kusini ilikuwa na wakazi wachache, na habari za vifo vya migodini ziliwafikia wote. Tangu mwaka 1910 palikuwa na shirika maalumu la kukusanya wafanyakazi, Bourse du Travail du Katanga. Mwaka 1925 Union Minière ikaanza kuchukua watu Ruanda-Urundi, nchi mbili zilizounganishwa chini ya usimamizi wa Ubelgiji, zenye watu wengi na kodi nzito. Kazi ya kulazimishwa ya huko Rwanda iliitwa "akazi". Neno hilo ni letu, kwa bahati mbaya.

Hapa hadithi za mzee zinaanza kuwa na faida. Kwa mujibu wake, babu "balimuleta na mashua mpaka ku Bukama, kisha akaingia mu treni." Sentensi hii ina maneno machache tu, nayo ilinipa miaka. Aliyetoka Ruanda-Urundi kwenda Katanga zamani hizo alivuka ziwa Tanganyika hadi Albertville. Kutoka hapo alipanda treni hadi Kabalo, kwani reli hiyo ilikamilika mwaka 1915. Baada ya Kabalo palikuwa hakuna reli, palikuwa na mto Lualaba na meli za mtoni hadi Bukama. Reli kutoka kusini ilifika Bukama mwaka 1918. Pengo kati ya Kabalo na Kamina lilizibwa kwa reli mwaka 1956, na tangu hapo hapakuwa tena na haja ya kumpeleka mfanyakazi kwa mashua. Kwa hiyo babu hakufika kabla ya 1918, wala baada ya 1956. Tukiongeza kwamba watu wa nchi hizo walianza kuchukuliwa mwaka 1925, mlango unazidi kuwa mwembamba.

Mzee aliongeza kitu kingine. Babu alikuja peke yake, akaambiwa kazi ni ya miaka mitatu, na baadaye "kampuni ikakubali bibi". Maneno hayo yanagusa badiliko kubwa la siasa ya Union Minière. Hadi katikati ya miaka ya 1920 mfanyakazi alichukuliwa kwa miezi michache, bila mke, akalala katika mabanda, na akirudi kwao mwingine akaletwa. Kila badiliko lilikuwa gharama na kila kundi jipya lilikuja na magonjwa na ugeni wa kazi. Kuanzia mwaka 1928 hivi kampuni ikatia nguvu mikataba ya miaka mitatu, ikajenga nyumba za familia, ikatoa chakula kwa mke na watoto, ikawapa wamonaki wa Kibenedikto shule za kambini. Haikufanya hivyo kwa huruma. Mtoto aliyezaliwa kambini ni mfanyakazi wa kesho ambaye hana nauli ya kulipiwa. Wafanyakazi wenyewe walielewa biashara hiyo vizuri, wakawa wakisema kwamba kampuni ndiyo baba na ndiyo mama. Mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, alipoandika historia ya familia hizo mwaka 2001 aliwaita wana wa Shaba waliotupwa na baba yao, na baba anayesemwa ni kampuni.

Basi tulikuwa na makisio: kati ya 1925 na miaka ya mwanzo ya 1930. Mdororo wa uchumi wa dunia ulipofika Katanga kampuni iliwarudisha makwao maelfu ya watu. Babu hakurudi. Kwa nini? Nilimwuliza mzee mara tatu, na mara zote alijibu jambo moja, "Muke ya babu alikuwaka Muluba."

Naomba msomaji asimame kidogo kwa huyu bibi, kwa sababu wanaotafuta mababu wa migodini humpita mbio. Katika karatasi za kampuni mwanamke huonekana kama posho tu, mke wa namba fulani, unga kiasi fulani, chumvi kiasi fulani. Hachimbi, hivyo hana faili. Lakini nilipomsikiliza mzee na wanawe nilimsikia yeye kuliko mumewe. Wanasema "kulomba", wanasema "bana", wanakula "bukari" ambayo sisi tunaiita ugali. Hakuna neno hata moja la nyumbani kwa babu lililobaki katika kinywa cha mzee, isipokuwa pengine jina lake. Lugha ya familia ilijengwa na mwanamke wa Kiluba aliyelea watoto katika kambi ambamo Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi na Kiluba lugha ya jikoni. Mwalimu wa sarufi sanifu atasema watoto hawa wanavunja ngeli. Mimi nasema wanahifadhi nyaraka.

Kuhusu posho, jambo moja la kuchekesha. Hapa Uganda posho ni chakula chenyewe, ule ugali wa mahindi ambao wanafunzi wetu wameushiba tangu shule ya bweni. Huko migodini posho ilikuwa mgawo wa wiki, kila kitu ndani yake. Mjukuu wa mzee aliporudi shuleni Kabalagala akisema amekula posho na maharage, mzee alishtuka, akauliza, "Banakupa posho? Unatumika wapi?" Yaani alidhani mtoto ameajiriwa.

Hadithi si zote zinazosaidia kwa njia rahisi. Mzee husimulia kwamba kaka wa babu yake, waliyekuja pamoja, alichukuliwa usiku na "batumbula", watu waliosemekana kuwakamata Waafrika na kuwauza kwa Wazungu. Luise White ameandika kitabu kizima kuhusu uvumi wa namna hii katika Afrika Mashariki na Kati. Hapa Kampala waliogopwa "bazimyamwoto", watu wa zimamoto, kwa tuhuma za kunyonya damu. Mtafiti mwenye haraka atafuta hadithi hii. Mimi niliiweka kama ushahidi wa jambo dogo na la uhakika: babu alikuwa na kaka, walifika pamoja, na kaka alitoweka bila familia kuelezwa. Mtu aliyefia hospitali ya mgodi, akazikwa na kampuni, ndugu wasijulishwe, angeacha nyuma hadithi kama hii hasa.

Sasa tuje kwenye jina, ambako ndiko wengi wanaotafuta wazee wao hukwama. Kwanza, Warundi na Wanyarwanda wa zamani hawakuwa na jina la ukoo la kurithi; kila mtoto alipewa lake. Baba na mwana hawafanani kwa jina, na ukitafuta ukoo kwa jina moja utapotea mara moja. Pili, karani wa kambi aliandika kwa sikio na kwa kalamu ya Kifaransa: "u" ikawa "ou", "ch" ikawa "tsh". Tatu, R na L. Masikio ya Katanga hupenda L. Mtu aitwaye Rukundo ataandikwa Lukundo, na kadi yake itatafutwa katika sanduku lisilo lake. Waganda wataelewa haraka, maana katika Luganda pia neno halianzi kwa R. Huyo Rukundo angepata jina lilelile la Lukundo kama angekuja kulima pamba Buganda. Nne, mwaka 1972 Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo, na watu waliobatizwa wakajiandikisha upya. Baba yake mzee ana jina moja katika kadi ya ubatizo na jingine katika kitambulisho cha Zaire. Ongeza namba ya usajili ya kampuni, ambayo kwa karani ndiyo ilikuwa jina halisi.

Mzee alijua jina la babu likianza kwa L. Nikamshauri tulitafute kwa R pia.

Karatasi ziko wapi? Nyaraka za makao makuu ya Union Minière zimewekwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ubelgiji mjini Brussels, lakini hizo ni za wakubwa: mikutano, mahesabu, mipango. Mafaili ya wafanyakazi yalibaki Katanga, kwa Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi baada ya kutaifishwa tarehe 1 Januari 1967. Ni katika mafaili hayo Dibwe na wenzake walifanya kazi. Thamani yake si ya kihistoria peke yake. Gécamines ilipoanguka, na zaidi ya watu 10,000 wakaachishwa kazi kwa mpango wa mwaka 2003 ulioungwa mkono na Benki ya Dunia, faili ndiyo iliyokuwa ushahidi wa miaka ya utumishi. Familia nyingi zilijifunza hapo maana ya karatasi.

Hata hivyo kwa mtu wa Kabalagala asiye na nauli njia fupi ni kanisa. Kitabu cha ubatizo cha Wakatoliki zamani hizo kiliandikwa kwa Kilatini, kwa utaratibu uleule kutoka Roma hadi Luena: tarehe, jina la mtoto, baba, mama, mahali, msimamizi wa ubatizo. Tena sheria za kanisa zinataka mtu akioa baadaye, popote pale, ndoa yake iandikwe pembeni mwa ubatizo wake. Ukipata mstari mmoja, pambizo inakupeleka kwenye mstari mwingine. Kadi ya baba yake mzee ilikuwa na namba ya kitabu na jina la parokia. Tuliandika barua kwa Kifaransa, mimi na binti wa mzee, ambaye Kifaransa chake ni bora kuliko changu. Tuliuliza mambo mawili tu: wazazi wameandikwaje, na je, asili ya baba imetajwa?

Nieleze kwa nini swali la pili lilikuwa zito, maana msomaji anaweza kuona ni udadisi wa wazee.

Huko Katanga familia hii iliitwa ya Kinyarwanda. Hawakujua Kinyarwanda, lakini jina la babu na umbo la uso vilitosha. Vita vilipoanza upya Agosti 1998, waliohesabiwa kuwa Wanyarwanda waliwindwa katika miji kadhaa ya Kongo, Lubumbashi ikiwemo. Mzee aliondoka na mkewe na watoto wawili; safari yake siielezi. Lakini kabla ya bunduki palikuwa na sheria. Tarehe 26 Machi 1971 amri ilisema kwamba watu wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wamekaa Kongo tarehe 30 Juni 1960 ni raia. Miezi michache baadaye, 5 Januari 1972, sheria mpya ikapunguza: ni waliokaa Kivu tangu kabla ya 1 Januari 1950. Soma tena: Kivu. Mchimba makaa aliyeletwa Katanga na serikali yenyewe, kwa mkataba, kwa mashua, hakutajwa. Sheria ya mwaka 1981 ikaenda mbali zaidi, ikataka mtu awe wa kabila lililokuwamo katika mipaka ya nchi tarehe 1 Agosti 1885. Sheria ya 2004 ikarudisha kipimo kwenye siku ya uhuru. Katika miaka 33 mtu mmoja, bila kuhama nyumba, aliweza kuwa raia, kuwa mgeni, na kuwa raia tena kutegemea wakili. Kila mara swali lilikuwa lilelile: babu yako alifika lini, na kutoka wapi?

Jibu la parokia lilikuja baada ya miezi saba, katika karatasi moja yenye mhuri. Baba wa mzee alibatizwa akiwa mchanga mwaka 1934. Mama yake ameandikwa kwa jina moja la Kiluba. Baba yake, yaani babu tunayemtafuta, ameandikwa kwa jina linaloanza kwa R, lililofutwa na kuandikwa juu yake L, kana kwamba padri na msimamizi walibishana pale pale. Na mbele ya jina kuna maneno mawili ya Kilatini yasemayo ametoka Urundi.

Urundi, si Ruanda. Wabelgiji waliunganisha nchi hizo mbili katika jina moja, na huko migodini wote waliotoka humo waliitwa Wanyarwanda. Basi kwa miaka 70 familia ilibeba jina la nchi ambayo si yake, na katika mwaka 1998 ililipia jina hilo.

Nilitarajia mzee ashangilie au aghadhibike. Alisoma karatasi, akamwita mkewe, akasema, "Mama, sisi ni Barundi." Mkewe, ambaye ni mtu wa Likasi, akajibu kwamba yeye si Murundi na hana nia ya kuwa Murundi, chakula kiko tayari.

Karatasi hiyo haimrudishii uraia wala nyumba. Haibadilishi hata hadhi yake ya ukimbizi hapa Uganda. Imebadilisha jambo moja ambalo naona ni kubwa: mwaka. Mtoto aliyezaliwa kambini mwaka 1934 na mama Muluba ana maana kwamba babu alikuwa Luena kabla ya hapo, na ndani ya kipindi kilekile tulichokikisia kutokana na mashua na treni. Masimulizi ya mzee, ambayo maafisa wawili tofauti waliwahi kumwambia hayana uzito, yalikuwa sahihi kuliko kitambulisho chake.

Kuna upande mwingine ambao wanafunzi wangu wa Kiganda waliniuliza niliposimulia habari hizi darasani. Katika miaka ileile ya 1920 na 1930 maelfu ya Warundi na Wanyarwanda walikuwa wakienda upande wa pili, kwa miguu, kuingia Uganda. Walikimbia kodi na viboko vya Wabelgiji, wakaja kulima pamba na kahawa katika mashamba ya Waganda. Audrey Richards na wenzake waliandika habari zao katika utafiti uliochapishwa mwaka 1954. Wengi walibaki, wakachukua majina ya Kiganda na koo za Kiganda, na wajukuu wao leo ni Waganda ambao baadhi yao hawajui. Ndugu wawili wa kijiji kimoja waliweza kuachana njia panda, mmoja akaenda ziwani kuvuka kwa makaa, mwingine akaja huku kwa pamba. Mwanafunzi mmoja alisema kwamba yawezekana mzee ana binamu katika mtaa huohuo, anayenunua mkaa kwake na kuuita amanda. Sina ushahidi, ila sikumkatiza.

Kwa walimu wenzangu nina ombi la kikazi. Tangu Kongo ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, madarasa yetu yanapata wanafunzi waliokulia Kiswahili cha Lubumbashi, Kalemie na Uvira. Tabia yetu ni kuwasahihisha: si "batoto", ni "watoto", si "lomba", ni "omba", si "alikuwaka". Tuwafundishe Kiswahili sanifu, ndiyo, mtihani ni wa sanifu. Lakini kabla ya kalamu nyekundu tuwaulize nani nyumbani husema hivyo, naye alizaliwa wapi. Mwaka 1965 André Yav, mtumishi wa nyumbani wa zamani, aliandika historia ya jiji la Élisabethville kwa Kiswahili hichohicho cha Katanga, kwa ajili ya chama cha watumishi wenzake. Fabian aliichapisha pamoja na tafsiri mwaka 1990, na sasa wanahistoria wa nchi za mbali wanaitegemea. Kama mwalimu angeisahihisha kwanza, nusu ya habari zake zingepotea pamoja na makosa.

Ninapoandika haya mzee ameanza barua ya pili. Babu amempata kiasi cha kumtosha, asema, na sasa anamtaka bibi. Anataka kujua kijiji cha Bukama alikotoka yule Muluba, na kama alikuwa na ndugu waliobaki. Binti yake amekwisha kuandika aya ya kwanza. Wanabishana kuhusu jina la bibi, kama liandikwe kwa "j" au kwa "dj", na mimi nimewaambia waandike yote mawili.